Familia ni ya Nini? Jibu kwa Fundi wa Gerezani



Katika barua zilizofika mezani petu majuma haya, moja ilitukalisha kitako. Haikuletwa na mwalimu wala na katekista, bali na fundi wa vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, mahali ambapo tangu asubuhi mpaka jua kuchwa watu husemezana kwa kupaaza sauti, kwa sababu ya mlio wa nyundo na wa mashine za kukatia chuma. Jina lake twalificha, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Swali lake hatulifichi, kwa kuwa twaamini si swali lake peke yake.

Aeleza kwamba ana miaka thelathini na sita. Alibatizwa utotoni kijijini kwao, akapokea Komunyo ya Kwanza, akaja mjini kutafuta kazi, na polepole akaacha kusali. Asema waziwazi kwamba siku hizi hajui kama Mungu yupo. Huu ni mwaka wa kumi tangu aanze kukaa na mwenzake, mama mchuuzi wa vitenge huko Kariakoo, Mkatoliki mwenye bidii. Wana watoto wawili. Hawajafunga ndoa. Hapo mwanzo walikosa fedha za mahari na za arusi. Baadaye yeye mwenyewe akaona hakuna haja. Lakini mwaka huu binti yao mkubwa yumo katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na Jumapili moja alimwuliza mama yake: “Mama, mbona wewe hubaki kwenye benchi wenzio wakienda kupokea?” Mama hakujibu. Aliingia chumbani akalia.

Ndipo fundi alipochukua kalamu akatuandikia hivi: “Mimi mwanamke huyu sijampiga hata siku moja. Fedha ya chakula siinywi. Watoto wanakwenda shule. Katika nyumba hii tunayopanga, chumba cha pili walikaa bwana na bibi waliofunga ndoa kanisani, kwa gari la maua na matarumbeta. Leo bibi amerudi kwao kwa sababu ya kipigo. Mimi nasema familia ni watu kusaidiana na kulea watoto wao, basi. Hilo tunalo. Ninyi mapadre niambieni, bila kunitukana: ndoa yenu ingetuongezea nini, isipokuwa deni?”

Hatutamtukana. Mtu aulizaye kwa unyofu hana deni la matusi, ana haki ya jibu. Tena yafaa tukiri kwamba nusu ya yale aliyoyasema ni kweli, na kweli haikomi kuwa kweli kwa sababu imesemwa na asiyesali. Wahenga wamesema, nyumba njema si mlango. Mtu aweza kuingia katika ndoa kwa mlango uliopambwa maua, na ndani mkawa na kilio. Basi, tutazame kwanza yale wasemayo watu wasiotumia dini kueleza familia ni ya nini, tuone wanafika wapi. Kisha tuseme yetu.

Wa kwanza ni sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, iliyotungwa baada ya Serikali kutangaza mapendekezo yake kwa wananchi mwaka 1969, iliandikwa kwa ajili ya watu wa dini zote na wa mila zote. Kwa sheria hiyo ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu muda wote wa maisha yao. Mwone msomaji jambo hilo! Si padre aliyeandika maneno ya kudumu maisha yote, ni Bunge. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 160, yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, wadhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Huruma ya kifungu hicho ni wazi: mwanamke asifukuzwe mikono mitupu, wala watoto wasikose matunzo. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani azifanyazo mke zahesabiwa kuwa mchango katika mali waliyoichuma pamoja. Kupika, kufua, kulea na kuuguza si kukaa bure. Twaona haya kusema kwamba wako waume Wakristu, wenye kusali rozari kila jioni, ambao somo hilo hawajalijua hadi leo.

Wa pili ni wale wanaosema kwamba familia ni tunda la mali. Friedrich Engels, mwaka 1884, alitoa kitabu juu ya asili ya familia, akasema kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ilikua pamoja na mali ya mtu binafsi, ili mwenye mali apate kujua mrithi wake. Hatukubali kwamba hilo ndilo shina la familia. Lakini kabla ya kumkemea, na tujiulize: mwenye nyumba akifa, je, si mara nyingi jamaa wa marehemu hufika na kufuli kabla ya siku za matanga kwisha? Je, mjane hachunguzwi kama mgeni katika nyumba aliyoifagia miaka ishirini? Nao baadhi ya jamaa hao hubeba kadi ya parokia mfukoni. Kila wafanyapo hivyo, wamthibitishia Engels maneno yake.

Walakini mafundisho hayo yalijaribiwa katika nchi kubwa, na matokeo yake yajulikana. Huko Urusi, baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, talaka ilifanywa jambo jepesi sana, na kwa sheria ya mwaka 1926 hata wasioandikisha ndoa walihesabiwa kama walioandikisha. Haukupita muda mrefu, wanawake walijaa mahakamani kudai matunzo ya watoto kwa wanaume waliokwisha kuhama. Mwaka 1936 serikali hiyo hiyo, isiyomwamini Mungu, iliifanya talaka kuwa ngumu na ya gharama. Mwaka 1944 ikaacha kabisa kuzitambua ndoa zisizoandikishwa. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Serikali ile ilitaka pia watu waongezeke, na katika vita iliwapoteza wengi mno. Twasema tu kwamba hata wale waliodhani kifungo cha ndoa ni hila ya matajiri walirudi kukitafuta, kwa kuwa mtoto hawezi kulelewa na shauri la mahakama.

Wa tatu ni wenye kupima familia kwa hesabu: mapato ni haya, chumba ni hiki, basi watoto wawe kadha. Mawazo ya kupanga uzazi yamekuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1959, kilipoanzishwa chama ambacho baadaye kiliitwa UMATI. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na kila kaya kwa wastani watu 4.3, miaka kumi kabla yake walikuwa 4.7. Kanisa halisemi kwamba wazazi wazae bila kufikiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, na Papa Paulo wa Sita katika waraka wake wa mwaka 1968, walifundisha kwamba wazazi wana wajibu wa kutafakari hali yao, afya yao na haki ya watoto wao. Kanisa linakataa njia fulani, na sababu zake limezitoa, leo hatuzirudii. Tunachokataa hapa ni lile wazo la kumhesabu mtoto kama gharama tu. Atakayemhesabu mtoto hivyo leo, kesho atamhesabu vivyo hivyo mama yake aliyezeeka.

Wa nne ndio wengi zaidi siku hizi, hata kama hawakuandika kitabu. Hao wasema: familia ni furaha ya watu wawili, furaha ikiwapo tukae, ikitoka tuachane. Hapa pia kuna ukweli. Zamani Sheria za Kanisa, katika mkusanyo wa mwaka 1917, zilitaja kuzaa na kulea watoto kuwa kusudi la kwanza la ndoa, na kusaidiana kuwa la pili. Mkusanyo mpya wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1055, wataja pamoja mema ya mume na mke na kuzaa na kulea watoto, wala haupangi la kwanza na la pili. Mama Kanisa hakubadili imani. Amelitazama upya pendo la mume na mke na kulisema wazi zaidi. Lakini pendo si furaha ya leo tu. Furaha huja na kwenda kama mvua za vuli. Anayejenga juu yake peke yake, siku mwenziwe akipooza mkono au akifukuzwa kazi, atajikuta hana sababu ya kubaki.

Wa tano tumtaje kwa heshima. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki lakini akisema na watu wa kila dini na wasio na dini, aliandika juu ya Ujamaa. Jina lenyewe latokana na jamaa. Aliifanya familia ya Kiafrika kuwa mfano wa taifa: watu wagawana chakula bila kudaiana, mzee na mgonjwa hula ingawa hawakulima. Baada ya hapo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuja na mipango mingi, mingine ikafaulu na mingine ikashindwa. Lakini neno hili moja halijashindwa: kwamba mtu hujifunza kwanza nyumbani kuishi kwa ajili ya mwingine, na asipojifunza hapo, hakuna ofisi itakayomfundisha.

Sasa na turudi Gerezani. Majirani wa mtaa huo, Kariakoo, walipata jina lao kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza, wanaume walioondolewa kwa wake na watoto wao kwenda kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Baadaye ukawa mji wa wapangaji. J.A.K. Leslie, aliyeuchunguza Dar es Salaam mwaka 1956, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, aliukuta mji wenye wanaume wengi kuliko wanawake, watu waliokuja kutafuta fedha na kuacha jamaa shambani. Nyumba za Kiswahili za siku zile zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Katika ua huo mke wa huyu na mke wa yule walipika wakionana, na mtoto akikosea alikemewa na mama yeyote. Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, maghorofa yamesimama. Mji umepata maduka mengi, lakini ua umepotea. Kwa sababu hiyo mji huu wahitaji familia imara kuliko kijiji, maana kijijini nyumba ikitikisika iko mikono mingi ya kuishika. Mjini, iliyopo ni mikono ya wawili.

Tena tulijionea wenyewe jambo moja. Jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu waliwasubiri jamaa zao waliofunikwa na kifusi. Hakuna mtu katika waliosubiri aliyekuwa akipiga hesabu ya faida aliyopata kwa ndugu yake. Hakuna aliyesema kwamba mkataba umevunjika kwa sababu mwenzake hawezi tena kutimiza sehemu yake. Walikuwa wanangoja tu. Basi ndugu fundi, hapo ulipoandika kwamba familia ni kusaidiana, umesema kweli, lakini umesema pungufu. Kusaidiana ni kwa wote wenye nguvu. Ushirika wa akiba husaidiana pia. Familia ni kumngoja hata yule ambaye hawezi tena kukusaidia neno.

Imani yetu yasema nini, basi? Twasema kwa ufupi, kama tulivyofundishwa. Katika kitabu cha Mwanzo tunaambiwa kwamba Mungu aliona si vema mtu kuwa peke yake, akamfanyia msaidizi wa kufanana naye. Bwana wetu, alipoulizwa na Mafarisayo juu ya talaka, kama aandikavyo Mathayo katika sura ya 19, hakuanza na sheria ya Musa. Aliwarudisha mwanzo kabisa, akafundisha kwamba aliowaunganisha Mungu, binadamu hana mamlaka ya kuwatenga. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika yetu hii, mnamo mwaka 401 alitaja mema matatu ya ndoa: watoto, uaminifu, na kifungo kitakatifu kisichofunguliwa. Naye Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso, alithubutu kusema kwamba pendo la mume kwa mkewe ni mfano wa pendo la Kristu kwa Kanisa lake, ambalo alilitolea uhai.

Hapo ndipo tunapoachana na wale watano, bila ugomvi. Sheria yasema familia ni mapatano. Kweli, lakini ni mapatano ambayo Mungu ni shahidi wake na mdhamini wake. Mwenye hesabu asema watoto ni wajibu. Kweli, lakini wamekopeshwa kwetu, nao watarudi kwa Mwenyewe, nasi tutaulizwa. Mwenye kutafuta furaha asema pendo; kweli, lakini pendo hilo limeitwa lifike hata msalabani. Mwalimu alisema familia ni shule ya taifa. Nasi twaongeza kwamba ni shule ya mbinguni. Hilo ndilo kusudi la mwisho la nyumba ya Kikristu: mume amfikishe mke kwa Mungu, mke amfikishe mume, na wote wawili wawafikishe watoto.

Utatuambia, ndugu, kwamba maneno hayo ya mbinguni hayakufai wewe usiyesadiki. Haya, tuseme basi lile ambalo hata wewe waweza kulishika mkononi.

Kwanza, hujatoa neno. Kwa miaka kumi umekuwa mwema kwa mama huyu, nasi twakusifu. Lakini kila asubuhi yeye anategemea wema wako wa siku ile. Wewe ni fundi, wajua kwamba mteja hauchukui mlango wa chuma kwa kuuona umesimama karakanani. Huuliza kama umeungwa. Ndoa ni kusema mbele ya mashahidi: mimi sitaondoka, hata siku nisiyotaka kubaki. Zawadi hiyo hujampa bado. Yeye amekwisha kukupa wewe, maana hulia badala ya kuondoka.

Pili, fikiri juu ya kufa kwako. Sheria yamdhania kuwa mkeo, lakini dhana yaweza kupingwa, na atakayeipinga huenda akawa ndugu yako mwenyewe atokaye kijijini na kufuli. Itambidi mama huyo, akiwa katika kilio, alete mashahidi mahakamani kuthibitisha yale ambayo wewe ungaliyathibitisha kwa sahihi moja. Ndiyo sababu Kanisa, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1563, liliagiza kwamba ndoa ifungwe mbele ya padre na mashahidi: walikuwako wanaume waliooa kwa siri na kisha kukana hadharani. Mlango huo unaoudharau uliwekwa kwa ajili ya wanawake walioachwa.

Tatu, kuhusu jirani yako mpiga mke. Hatumtetei. Sakramenti si hirizi. Neema ya Mungu hupewa mtu, naye aweza kuikataa kila siku. Wala Kanisa halimwamuru mke akae apigwe mpaka afe: kanuni ya 1153 yamruhusu aliye hatarini kuondoka. Lakini angalia: wewe umemhukumu jirani kwa ahadi aliyoiapa. Ulijua amekosa kwa sababu aliahidi. Pasipo ahadi ungemwita mtu mwenye bahati mbaya tu.

Nne, deni. Hapa, ndugu, umetupiga penye kidonda, nasi hatuna budi kukiri. Ndoa ya Kanisa yahitaji hiari ya wawili wasio na kizuizi, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Ukumbi haumo. Gari la maua halimo. Keki haimo, wala sare za kamati, wala michango ya vikao kumi. Hata mahari haimo: Sheria ya mwaka 1971 yenyewe, katika kifungu cha 41, yasema ndoa haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Nani basi aliyewafanya vijana wetu waamini kwamba bila mamilioni ya shilingi hawawezi kusimama mbele ya altare? Ni sisi. Ni sisi mapadre, tuliokubali arusi iwe maonyesho, tukawapokea kwa bashasha wenye vinanda na kuwapangia wanyonge Misa ya alfajiri kama watu wa kufichwa. Ni ninyi wazazi, mnaomtajia kijana mahari kama bei ya kiwanja, kisha mwashangaa kwamba binti yenu anakaa naye bila baraka. Ni ninyi ndugu, mnaochanga kwa moyo kwa ajili ya karamu ya usiku mmoja, lakini wawili hao wakikosa kodi ya chumba baada ya mwezi hamwonekani. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, tena divai ilipokwisha aliiongeza; karamu si dhambi. Dhambi ni kuifanya karamu iwe lango la sakramenti, na kumwacha maskini nje.

Kwa hiyo twaomba mambo haya, na twayaomba kwa wasomaji wetu wa nchi nzima, si wa Gerezani peke yao. Maparoko wenzetu watangaze waziwazi kwamba arusi ndogo ni arusi kamili, na pale inapowezekana waandae ndoa za pamoja, wawili kumi wabarikiwe katika Misa moja ya Jumapili, waamini wote wakishangilia. Wazazi washushe mahari, iwe ishara ya shukrani, isiwe ukuta. Jumuiya Ndogo Ndogo zitembelee nyumba za wale wanaokaa bila ndoa, si kwa kunyosha kidole, bali kwa kuuliza: ndugu, kizuizi ni nini, na tukusaidie vipi? Na baada ya arusi zisiwaache, maana nyumba ya jirani mpiga mke ilivunjika pasipo mtu kubisha hodi.

Kwa mama mchuuzi wa vitenge twasema: usiache Misa. Wewe ni binti wa Kanisa; Mungu ayaona machozi yako kwenye benchi. Watoto wako hawana kosa, na binti yako atapokea Komunyo yake kwa haki, wala asitokee mtu wa kumfumba macho kwa maneno juu ya wazazi wake.

Nawe ndugu fundi, hatutaki useme uongo mbele ya altare. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, alifundisha kwamba wasio na imani timilifu wasifukuzwe wakiomba ndoa, iwapo kwa kweli wanataka lile ambalo Kanisa linakusudia. Kwa kuwa umeacha kusali, huenda paroko akapaswa kumwomba Askofu ruhusa; hilo si adhabu, ni utaratibu. Lakini wewe utaulizwa: Je, wamtaka mwanamke huyu peke yake? Wamtaka mpaka kufa? Wawapokea watoto ambao Mungu atawapa? Kwa barua yako twadhani umekwisha kujibu ndiyo kwa matendo, miaka kumi. Imebaki kulisema kwa kinywa. Tangazo la ndoa kwa sheria ni siku ishirini na moja. Mashahidi wawili hukosi katika karakana nzima. Na kama bado hujui kama Mungu yupo, njoo hivyo hivyo. Yuko mmoja katika familia ile ya Nazareti aliyekuwa fundi kama wewe, mwenye mikono migumu na maneno machache. Injili haikuandika hata neno moja lake, imeandika tu kwamba alimchukua mkewe akamlinda yeye na Mtoto. Huyo Yosefu hakuelewa yote. Alibaki.

Tutangoja barua yako ya pili. Hata ikisema hapana, tutaisoma, wala hatutafunga mlango. Lakini twaomba kwamba siku binti yako atakapopokea, mama yake asibaki tena kwenye benchi, nawe usimame karibu nao, hata kama ni nyuma kabisa ya kanisa.

Yesu, Maria na Yosefu, zisimamieni nyumba zetu, za mjini na za shambani, zilizobarikiwa na zinazongoja baraka. Amina.